Usiniambie ulicheza rede, niambie ulikuwa unafanya nini uwanjani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia ujumbe. Amesoma uhasibu, kazi anayo, mshahara unaingia, lakini kila Jumatatu asubuhi anaiona ofisi kama adhabu. Alinisikia nikisema kwamba kazi yangu ya leo niliianza utotoni, mtaani Pasua, Moshi, kabla sijajua hata kusoma vizuri. Akauliza: "Sasa dada yangu, mimi nilicheza rede na kombolela kama wasichana wote. Hapo kuna kazi gani?"

Nilimjibu kwa kirefu. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnatafuta kitu chenu, hamtaki kuajiriwa mpaka mzeeke, jibu naliweka hapa.

Kwanza niacheni nijigambe. Mimi napanga timu za mlima. Mgeni anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame anamwona mwongozaji, anamwona mpishi, anawaona wapagazi wakimpita na mizigo kichwani. Hamwoni mtu aliyekesha Moshi akigawa mahema, majiko, unga na mitungi ya gesi ili pale getini, mzigo ukipandishwa kwenye mizani, mpagazi asikutwe amebebeshwa zaidi ya kilo 20 zinazoruhusiwa. Mtu huyo ni mimi. Mwezi uliopita nilikuwa na makundi Machame, Marangu na Rongai kwa wakati mmoja, na yote yameshuka bila mpagazi kulalamika kwamba amerukwa zamu au bakshishi yake imekatwa. Wanaoijua kazi hii wanajua hilo si jambo dogo.

Sasa turudi Pasua, kwenye vumbi.

Rede mnaikumbuka. Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi uliojazwa makaratasi, wengine wako katikati wanakwepa, na chupa iko pale chini inasubiri kujazwa mchanga. Ukigongwa, umekufa. Lakini kumbuka vizuri: nusu ya muda wa rede haikuwa rede, ilikuwa ugomvi. "Umegusa gauni, mimi haujanigusa!" "Chupa haijajaa hiyo, itikise kwanza!" "We si ulishakufa, umeingiaje tena?"

Hapo kwenye ugomvi ndipo nilipokuwa mimi. Nilikuwa mtoto wa kwanza, na kila jioni, mama akiwa bado sokoni Mbuyuni, mdogo wangu alikuwa mgongoni kwangu amefungwa kanga. Ukiwa na mtoto mgongoni hukwepi mpira. Basi nilisimama pembeni nikawa nakumbuka: nani kafa, nani kaokolewa, timu gani inaingia, nani kamwaga mchanga kwa makusudi. Wakishindwana, wananigeukia. Nikisema umekufa, umekufa kweli, na hata wakubwa kuliko mimi walitoka. Jua likikaribia kuzama, mawingu yanaondoka na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana yote. Sisi tuliipa mgongo, tulikuwa na mambo ya maana zaidi. Sikujua kwamba itakuja kunilisha.

Shangazi yangu mmoja alikuja kututembelea, akasimama mlangoni akanitazama, kisha akasema mbele ya majirani: "Huyu mchezo hawezi, anajua kuamrisha tu. Ataolewa na nani?" Wakacheka. Nimeolewa, nina watoto, nina stoo yangu ya kukodisha vifaa vya mlima, na hadi leo nikikikumbuka kicheko kile najikuta nimeuma meno. Hakuna aliyeuliza mtoto wa mgongoni alikuwa wa nani.

Miaka iliyofuata naiacha, haina utamu: kidato cha nne, kozi ya ukatibu, duka la vifaa vya ujenzi. Kisha nikapata kazi ya stoo kwenye kampuni moja ya kupandisha wageni, kuhesabu mahema yanaporudi na kukagua zipu. Siku moja, msimu wa Julai, jamaa aliyekuwa anapanga wapagazi hakutokea. Uani kumejaa wanaume, kila mmoja anapiga kelele kwamba zamu ni yake. Nikatoka na daftari langu la stoo. Nilikuwa najua nani kashuka lini, kwa sababu mimi ndiye niliyepokea mahema yao. Wewe umeshuka Ijumaa, kaa. Wewe tangu mvua za masika hujapanda, ingia. Wewe mlango wa nyuma sijaufungua, pita mbele kama wenzako. Kelele zikaisha. Sikujifunza popote kazi ile, lakini sikuwa mgeni nayo hata kidogo.

Mwenye kampuni alinipongeza sana. Mwezi uliofuata akaleta mwanaume wa kuishika nafasi hiyo, kwa maelezo kwamba wagumu, yaani wapagazi, hawawezi kumsikiliza mwanamke. Sawa. Leo kuna kampuni kadhaa hapa mjini zinazonilipa kwa kazi hiyo hiyo, na wagumu hao hao wananiita Mama Mizani.

Ndiyo maana dada wa Sakina sikumuuliza alicheza nini. Nilimuuliza: kwenye kombolela ulipenda kitu gani hasa? Akajibu papo hapo. Alipenda kujificha mahali ambapo hakuna mtu angefikiria, mpaka watoto wanaitwa kuoga yeye bado hajaonekana. Kulipiga kopo teke na kuwaokoa wenzake hakukumshughulisha. Raha yake ilikuwa kuwaza mtu anaweza kujificha wapi. Na huyu ni mhasibu! Ukaguzi wa hesabu ni nini, kama siyo kujua mtu angeificha wapi pesa? Huenda hana haja ya kuacha taaluma, ni kuhama meza tu, aache kuandika vocha aende kuzikagua.

Kwa hiyo msitafute mchezo, tafuteni nafasi yenu ndani ya mchezo. Waliocheza magari ya waya si lazima wawe mafundi gari. Kulikuwa na aliyeyatengeneza na hakuwahi kuyasukuma hadi mwisho wa mtaa. Kulikuwa na aliyekodisha la kwake kwa andazi moja. Kulikuwa na yule aliyechora barabara kwenye vumbi, na mizunguko, na kituo cha mafuta, akakasirika mtu akikatiza. Watu watatu tofauti kabisa hao, na wote wakikua wanasema "nilicheza magari."

Na usijiulize peke yako, kumbukumbu humpendelea mwenyewe. Mtafute mliyecheza naye, mpigie, mwulize: mimi nilikuwa mtoto wa namna gani? Atacheka kwanza, halafu atakwambia. Mtafute kweli, usikae unawaza tu.

Ila tusidanganyane kwamba zamani kila kitu kilikuwa kitamu. Saa kumi na moja jioni wasichana tuliitwa kuteka maji na kuwasha moto, wavulana wakaendelea na chandimu hadi giza. Ukimsikia mwanaume anausifu utoto wake kwa kirefu, mwulize dada yake naye.

Wazazi, na ninyi nina neno lenu. Viwanja vya Pasua vimejengwa, kuta zimepanda, watoto wako ndani na simu. Mimi simu siichukii. Ninachokiona ni kwamba mchezo wa simu una mwamuzi ndani yake tayari. Hakuna wa kubishana naye kama chupa imejaa au haijajaa. Ukimpeleka Jumamosi kwenye mafunzo ya mpira, kuna kocha na filimbi. Mtoto huyu atajifunza lini kusema "umekufa, toka" na mwenzake akatoka? Wapeni soksi, chupa na mchanga, muwaache wagombane. Usitoke na mwiko kuwaamulia. Na kama kuna binti amesimama pembeni na mtoto mgongoni, mpokeeni huyo mtoto, naye aingie katikati akwepe mpira.