Viuyoga vya kwenye mavi ya ng'ombe, Mwakirunge

Dadangu, umeuliza vile viuyoga vya kijivu ulivyovikuta asubuhi juu ya mavi ya ng'ombe huko Mwakirunge, baada ya mvua, ni vya aina gani na kama vyaliwa. La kuliwa nalitanguliza: usivile, wala usiwaachie watoto. Baadhi ya ndugu zao wana kemikali ya kuvuruga akili.

Kwa picha zako naona ni Panaeolus, jamii ya viuyoga vinavyoota sana kwenye mavi: kofia kama kengele ndogo, shina jembamba lililosimama wima. Lakini picha iliyopigwa kutoka juu haitoshi, kigeuze kimoja. Zile kurasa nyembamba chini ya kofia, kama ni Panaeolus, zina madoadoa meusi na ya kijivu, kwa sababu spora, yaani vile vijichembe ambavyo uyoga huzaliana kwavyo, haziivi zote kwa pamoja. Mimi huweza kuyatazama madoa hayo dakika nzima, ni mazuri mno. Ukirudi adhuhuri ukakuta kofia zimeyeyuka zikawa maji meusi kama wino, basi yaelekea ni Coprinopsis au ndugu zake, viuyoga vya wino.

Usiku kata kofia moja, ilaze juu ya karatasi nyeupe, funika na gilasi. Asubuhi utakuta unga wa spora. Ukiwa mweusi tititi, dhana yangu imepata nguvu. Ukiwa wa kahawia iliyoingia zambarau, ni kitu kingine, tuwekee picha hapa.

Na havikuota hapo kwa bahati tu: ng'ombe hula nyasi zilizonatwa na spora, spora zikapita tumboni salama, zikamea kwenye mavi. Ukimaliza kuvishika, nawa mikono kwa sabuni.