Jibu: New Africa au Hyatt Kilimanjaro, na mama anawahi boti

Dada, umeuliza mlale hoteli gani Dar es Salaam kati ya hizo mbili. Kwa vile mnalala usiku mmoja tu na asubuhi mnawahi boti ya Zanzibar, mimi ningechukua New Africa. Ukitoka pale unaliona kanisa la Azania Front, unafuata Sokoine Drive mpaka kanisa la Mtakatifu Yosefu, na gati la boti liko ng'ambo ya barabara. Hata kwa mwendo wa mama mtafika bila teksi. Sanamu ya Askari nayo iko jirani.

Hyatt, ile Kilimanjaro ya tangu 1965, iko Kivukoni, inatazama bandari. Ni nzuri mno, lakini inataka siku mbili tatu za kupumzika. Pale New Africa ombeni tu chumba kisichoelekea barabarani, mama apate usingizi.