Clamd Ilipokufa Nikajisifu Kwamba Seva Imekuwa Nyepesi

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, clamd inakula memori yote ya seva yangu ya barua pepe. Nikiizima kuna ubaya?" Clamd ni ile sehemu ya ClamAV, programu ya kuzuia virusi, inayokaa macho muda wote ikikagua. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo hilo niliwahi kujiuliza, na jibu nililojipa bado linaniuma.

Seva yangu ilikuwa na RAM ya GB 2, inaendesha Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, na ClamAV nimeiunganisha kupitia clamav-milter, kiungo kinachoipa clamd kila barua iikague. Sitawachosha na habari za kuisanidi, maelezo yamejaa kila mahali. Niseme tu kwamba nilikuwa na majivuno. Programu huria, hakuna leseni ya kulipia, na kila kirusi kinachonaswa nakiona kwenye logi. Bosi alinisifu mbele ya watu.

Nisichokuwa nimekielewa ni hiki: clamd hupakia saini zote za virusi, yaani alama za kuvitambua, kwenye memori, na hizo peke yake hupita GB 1. Freshclam, programu ya kupakua saini, ikileta mpya, clamd huzipakia pembeni huku zile za zamani zikiendelea na kazi, ili barua zisisimame. Kwa hiyo kwa muda mfupi inabeba mizigo miwili kwa pamoja. Kwa GB 2 hapo hapatoshi. Kerneli, kiini cha mfumo wa seva, ikiishiwa memori huua mchakato ulionenepa kuliko yote, na kwenye seva ndogo ya barua, mnene ni clamd.

Mara ya kwanza ilikufa usiku. Clamav-milter ikakosa wa kumpa barua azikague, na kila aliyetutumia barua akawa anajibiwa 451, jaribu tena baadaye. Simu ya bosi ikaniamsha: barua za wateja haziingii. Nikaingia kwenye mipangilio nikiwa na usingizi. OnFail, mstari unaoiambia clamav-milter ifanye nini ukaguzi ukishindikana, ilikuwa Defer (ahirisha), nikaandika Accept (pokea). Sikutosheka, nikaenda na kwenye main.cf ya Postfix nikaweka milter_default_action = accept, yaani barua ipite hata clamav-milter isipojibu. Nikaiwasha clamd, barua zikamiminika, nikarudi kulala. Nilijiambia asubuhi nitarudisha kama ilivyokuwa.

Sikurudisha.

Clamd ikauawa tena siku chache baadaye, na safari hii hakuna aliyepiga simu, kwa sababu barua zilikuwa zinapita vizuri. Zinapita bila kukaguliwa hata moja, wiki tatu nzima! Seva ikawa nyepesi, nami, Mungu anisamehe, nikajisifu kwa bosi kwamba nimeiboresha.

Kisha dada mmoja wa uhasibu akafungua "ankara" iliyokuja ndani ya zip. Faili za kompyuta yake zikafungwa zote, pamoja na folda waliyokuwa wakishirikiana. Nilipoichukua ile zip na kuipitisha kwa mkono kwenye clamscan, amri ya ClamAV ya kukagua faili, ilitambuliwa papo hapo. Mwenzangu alijaribu kunifariji kwamba huenda saini yake iliingia baada ya barua kupita. Huenda. Sikufarijika.

Kwenye kikao bosi alisema, "Vya bure ndivyo vilivyo." Hilo ndilo lililonichoma kuliko lawama zenyewe. Programu haikukosea, aliyeiambia ipitishe kila kitu ni mimi. Nilijaribu kueleza, lakini nani anamsikiliza mtu wa seva siku kama hiyo?

Sasa nikujibu, ndugu msomaji. Usiizime. Ongeza RAM: watengenezaji wenyewe wanapendekeza GB 3 na zaidi, na hawasemi hivyo kwa kupenda makuu. Kama huna uwezo huo, weka ConcurrentDatabaseReload no kwenye clamd.conf. Ukaguzi utasimama kidogo kila saini mpya zinapopakiwa, barua zitachelewa kidogo, lakini mzigo utakuwa mmoja. Na OnFail iache Defer, iache kabisa! Seva ya mtumaji itajaribu tena yenyewe. Bora nusu shari kuliko shari kamili.

Halafu jitumie EICAR. Ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara yoyote, ila programu za kuzuia virusi zimekubaliana kuyapigia kelele. Mimi skripti yangu huyatuma kila asubuhi kutoka nje ya seva, na yakifika kwenye kikasha najua ulinzi umelala. Wiki zile tatu zingekuwa siku moja. Tunapenda kufunga mitambo na kupiga picha skrini, kuirudia kuiangalia hatutaki. Uvivu tu, na tunaubatiza jina la kuiamini mashine.

Na toleo lako ni la lini? Watengenezaji wa ClamAV hawabembelezi mtu. Aprili 2010 walitoa saini iliyozima kwa makusudi matoleo yote yaliyo chini ya 0.95, na seva nyingi za barua zikasimama. Walikuwa wametangaza miezi kabla. Waliosoma tangazo hawakupata shida.

Umeniambia memori imejaa lakini hukutaja kiasi. Piga free -h, amri inayoonyesha memori, wakati freshclam imetoka tu kuleta saini, si wakati seva imetulia, kisha nitumie unachokiona. Nitumie na mstari wako wa OnFail.