Kazi ya bustani za umma na viwanja Lubumbashi: uanzie wapi

Ndugu uliyeuliza kama diploma ya agronomia ya UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) inatosha kupata kazi ya kutunza bustani za watu wote na viwanja vya michezo: inafungua mlango. Ila atakayekupa kazi anataka kujua kama unaweza kuvusha eneo kiangazi kizima likiwa hai. Kwetu hapa mvua hukatika Mei na kurudi mwishoni mwa Oktoba, na katika miezi hiyo ndipo miradi mingi inapokufa. Watu huhesabu miche, hawahesabu maji.

Kwa hiyo weka hesabu hii katika kila devi, yaani makadirio ya gharama. Miche 60, kila mmoja lita 20 kwa juma, ni lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20. Kiangazi kina majuma kama 26, inafika zaidi ya lita 31,000, na mche unahitaji huduma hiyo viangazi viwili. Andika maji yatatoka kisima gani, nani atayasukuma kwa pusepuse (mkokoteni), atalipwa nini. Burugumestre (mkuu wa komini) au mkuu wa shule akiona ukurasa huo atakusikiliza kuliko aliyemletea picha za maua.

Panda Novemba au Desemba, ardhi ikishalowa vizuri. Shimo sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, uurudishe ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza. Udongo wetu mwekundu una asidi na fosforasi haba, na udongo wa kichuguu, wenye chokaa zaidi, husaidia kupunguza asidi hiyo. Chana sashe yote (mfuko wa plastiki wa mche), kata mizizi iliyojizungusha ndani yake, maana isipokatwa itaendelea kujikaba mpaka mti uanguke ukiwa mkubwa. Shingo ya mche ilingane na ardhi, isizikwe. Jakaranda ipe mita 8 hadi 10 kutoka mwenzake, na usiipande chini ya nyaya za umeme: itakatwa vibaya kila mwaka.

Viwanja vya mpira ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. Pata pembe mraba kwa kamba iliyofungwa pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5. Eneo la penalti mita 16.5, alama ya penalti mita 11, nusu kipenyo cha duara la kati mita 9.15. Goli la kuhamishika lazima lifungwe chini au lilemewe na mifuko ya mchanga kwenye nguzo ya nyuma. Watoto huning'inia kwenye mwamba wa juu, goli likapinduka likawaangukia, na huko watoto hufa. Hilo usilikubalie mtu yeyote aliahirishe.

Kwenye bembea na mitelezo kuwa mkali vilevile. Chini weka mchanga wa sentimita 30, usiwe saruji wala laterite (udongo mwekundu wa changarawe) iliyoshindiliwa, na acha karibu mita 2 bila kitu pande zote. Mbele na nyuma ya bembea zidisha. Nafasi kati ya vyuma isiwe kati ya sentimita 9 na 23, kwa sababu mwili wa mtoto hupita na kichwa kinakwama. Kagua minyororo na boliti kila juma, andika tarehe na ulichokaza. Daftari hilo ndilo litakalokutetea siku mtoto akiumia, na ndilo utakaloonyesha ukiomba kazi kubwa zaidi.

Usisubiri meri (ofisi ya jiji) pekee. Parokia, shule na kampuni za madini zina nyua na viwanja vinavyohitaji mtu. Omba staji (mafunzo ya kazini), hata ya miezi mitatu, lakini iwe ya kiangazi. Mapendekezo ya kupanda yapeleke Agosti. Ukiyapeleka Novemba, mashimo hayatakuwa yamechimbwa na miche mizuri ya vitaluni itakuwa imeshachukuliwa.