Swali la lugha: Je, timu "hupoteza" mechi?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Chicago. Juzi niliwaandikia ndugu zangu habari za White Sox, timu ya besiboli ya upande wa kusini wa jiji hili: "Msimu wa 2024 timu yetu ilipoteza mechi 121." Kaka yangu akanijibu kwamba hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu, timu hufungwa, haipotezi. Lakini besiboli haina goli! Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako amekukosoa kwa haki, ila neno alilokupa halikufai katika sentensi hiyo.

Kupoteza ni kufanya kitu kipotee. Mtu hupoteza ufunguo, hupoteza fedha, hupoteza fahamu, na kila mara kilichopotea alikuwa nacho. Mechi si mali ya timu yoyote kabla haijaisha, basi itapoteaje? Najua "wamepoteza mchezo" husikika redioni kila wiki, na wasemaji wakizidi huenda siku moja kamusi zikaukubali usemi huo. Mimi siutumii, kwa sababu unatufutia tofauti tunayoihitaji. Timu ikiongoza hadi zamu ya nane ya kupiga kisha ikapitwa, hapo kweli imepoteza kitu: imepoteza uongozi. Ilikuwa nao, ukaiponyoka.

Kufungwa tumelizoea katika mpira wa miguu, ingawa limekwisha kuvuka mipaka. Wacheza kikapu nao hufunga pointi. Katika besiboli alama hupatikana mchezaji anapozunguka vituo vyote na kurudi pale alipoanzia. Hakuna wavu wala golikipa. Hata hivyo, ukiniambia kwamba tarehe 27 Septemba 2024 White Sox walifungwa 4-1 na Tigers mjini Detroit, nitakuelewa bila shida, kwa kuwa matokeo yenyewe yanaibeba maana. Tatizo linakuja unapojumlisha msimu. Jaribu kumsomea mtu wa Tanga "walifungwa 121". Atadhani ni mabao! Ndiyo maana nasema neno la kaka yako halikufai hapo.

Neno lako ni kushindwa, nalo linataka uangalifu, maana lina sura mbili: kuzidiwa na mpinzani, na kutoweza jambo. Katika Ligi Kuu ya soka, timu "iliyoshindwa kupata ushindi" mara kumi huenda imetoka sare saba kati ya hizo. Besiboli ya Marekani haina mwanya huo. Zamu tisa zikiisha timu zikiwa sawa, zinaongezwa nyingine mpaka mmoja azidiwe; sare ni tukio la nadra mno. White Sox walicheza mechi 162, wakashinda 41 na kushindwa 121, hesabu ikafungwa bila safu ya tatu. Kwa hiyo kwako wewe "hawakushinda" na "walishindwa" ni kitu kilekile, jambo ambalo mwandishi wa soka hawezi kulisema.

Angalia pia kushinda kwenyewe. Ukiandika "White Sox walishinda uwanjani", bibi yako anaweza kuelewa kwamba walikaa huko kutwa nzima, kama tunavyoulizana "umeshindaje?" Dawa yake ni kumtaja aliyeshindwa na kukipa kitenzi kiambishi chake. Tarehe 6 Agosti 2024, baada ya kushindwa mara 21 mfululizo tangu Julai 10, White Sox waliwashinda Athletics 5-1 kule Oakland. Hiyo *-wa-* ndogo katikati ya *waliwashinda* inaondoa utata wote. Huwezi kumshinda mtu kwa maana ya kukaa kutwa.

Ukitaka jina badala ya kitenzi, wanahabari wetu wana kipigo, nami nalipenda: "vipigo 21 mfululizo" ni fupi na lina uzito wake.

Neno msimu usiliguse. Limetoka Kiarabu, na mabaharia wa pwani walilitumia kwa majira ya pepo za kaskazi na kusi, zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Kwa mchezo unaoanza baridi ya Chicago inapolegea na kumalizika majani yakianza kupukutika, limekaa mahali pake.

Ujumbe wako, basi, ningeuandika hivi: "Msimu wa 2024 timu yetu ilishindwa mara 121, ikawapita Mets wa New York walioshindwa mara 120 mwaka 1962. Tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu za besiboli iliyopata vipigo vingi hivyo katika msimu mmoja."