Muuzaji wa mnada aliyenyamaza baada ya kulipwa

Ndugu, umeeleza kwamba ulishinda mnada wa lenzi ya kamera kwenye eBay, soko la mtandaoni, ukalipa siku hiyo hiyo, na sasa ni wiki ya tatu muuzaji hajibu ujumbe hata mmoja. Usiendelee kumbembeleza. Fungua orodha ya ununuzi wako, utazame tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika kwa mzigo, kwa kuwa kuanzia tarehe hiyo unazo siku 30 tu za kuwasilisha madai kwamba hukuupokea. Muuzaji hupewa siku 3 za kazi kujibu; akizidi kunyamaza, waombe eBay waingilie kati. Ikiwa ulilipa kupitia PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, mlango wa pili, wa kudai kwao, hubaki wazi kwa siku 180 tangu siku ya malipo, ingawa si vyema kudai pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe niliwahi kutulizwa na muuzaji wa saa ya mkononi kwa “kesho naituma” zisizokwisha, hadi muda ukapita. Mawasiliano yote yabaki ndani ya mfumo wa eBay, si WhatsApp, na akikuomba ufunge madai kwanza ndipo atume mzigo, kataa, kwani madai uliyoyafunga mwenyewe hayafunguliwi tena.