Muulize Karani Mstaafu: Hivi kuna jaji anayepigiwa kura?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi niko Ngamiani, barabara ya 12. Mdogo wangu yuko California mwaka wa nane sasa, juzi kwenye simu ananiambia eti kule majaji wanapigiwa kura kama madiwani, na kuna mama mmoja alikuwa Jaji Mkuu wananchi wakamwangusha. Nikamwambia acha kamba, tukabishana mpaka bando likaisha. Ni kweli au stori za vijana?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mdogo wako hajakudanganya, ila hapo kwenye madiwani kachanganya kidogo. Kule Marekani kila jimbo lina Mahakama ya Juu yake, mbali na ile kubwa ya nchi nzima yenye majaji 9 wanaokaa maisha. Kuna majimbo majaji wanagombea kabisa na mpinzani, mabango barabarani na kila kitu. California, kwa Mahakama ya Juu, sio hivyo. Gavana, yaani mkuu wa jimbo, anateua, afu jina linarudi kwa wananchi kwenye karatasi ya kura: abaki, ndio au hapana? Hana mpinzani, anashindana na jina lake mwenyewe. Akipita anakaa muhula wa miaka 12.

Huyo mama aliyeangushwa ni Rose Bird, Jaji Mkuu wa California. Alizaliwa Arizona 1936, baba akafariki yeye bado mdogo, mama ndo akawalea kwa kazi ya kiwandani. Akasoma sheria Berkeley akamaliza 1965, afu akawa wakili wa wale wasio na hela ya wakili, yaani serikali inakushitaki na serikali hiyo hiyo inamlipa mtu akutetee, ndo kazi yake. 1975 gavana Jerry Brown akamuweka kwenye baraza lake la mawaziri, mwanamke wa kwanza pale, akashughulika sana na sheria ya vibarua wa mashambani waweze kuwa na chama chao. Sasa 1977 huyo huyo gavana akamfanya Jaji Mkuu, ana miaka 40, na hajawahi kukaa kwenye kiti cha hakimu hata siku moja. We fikiria mwenyewe wazee waliokaa miaka wakisubiri kile kiti walijisikiaje.

Na hakuwa mtu wa kuwabembeleza. Lile gari la kifahari la Jaji Mkuu aliliondoa, akisafiri kikazi analala hoteli za kawaida. Mi wanaofanya hivi nawapenda lakini nimekaa ofisini najua, ukimnyima mkubwa mwenzio starehe zake hakusamehi.

Kilichommaliza ni hukumu za kifo. Zilifika mbele yake kesi 61, na zote 61 alipiga kura zitenguliwe. Hapa naomba unielewe maana hata barazani kwetu watu wanachanganya, kutengua hukumu ya kifo sio kumfungulia mtu mlango aende nyumbani, mara nyingi kesi inarudi ikasikilizwe upya au adhabu inabadilika, muuaji bado yuko ndani. Hoja zake zilikuwa za utaratibu, mfano juri, wale raia wanaoamua kesi, walielekezwa vibaya. Lakini nenda kamwambie hivyo mama aliyeuliwa mwanae. Na wapinzani walijua hilo, ndugu wa marehemu wakawekwa kwenye matangazo ya tivii, gavana mpya George Deukmejian naye akamkalia kooni, na wenye biashara wakatoa hela.

Kura ya kwanza, 1978, alipona chupuchupu, nusu na kidogo tu. Novemba 1986 karibu theluthi mbili wakasema hapana, akaondoka yeye na wenzie wawili, Cruz Reynoso na Joseph Grodin. Gavana akajaza nafasi tatu kwa mpigo kwenye mahakama ya watu 7!

Mi msimamo wangu? 61 kwa 61 hata mimi inanipa shida, ina maana hapakuwa na hata moja iliyonyooka? Lakini kumpigia jaji kura kwa ajili ya hukumu, hapana. Enzi zangu jaji akija kikao hapa Tanga, askari anapiga ile "kooorti!" watu wote wima, jioni jaji anatamani kahawa ya barazani kama sisi ila haendi. Anamtuma dereva na chupa ya chai, analetewa kahawa na kashata mbili kwenye gazeti, anakunywa peke yake varanda ya nyuma. Nilimuuliza siku moja, akasema karani nikikaa pale wataniuliza kesi. Sasa mtu anayekwepa kijiwe cha kahawa, ukimpeleka akaombe kura itakuwaje?

SWALI: Mzee karani, hapa kwetu jaji anatokaje basi? Mwanafunzi, Pangani.

JIBU: Kwa umri, mwanangu, Mahakama Kuu miaka 60, Rufani 65. Kabla ya hapo ni kujiuzulu, ugonjwa au utovu wa maadili, na Rais hamfukuzi hivi hivi, lazima aunde tume maalumu ichunguze kwanza. Iko kwenye Katiba, ibara ya 110A, kaisome usinukuu mimi.

Na nilisahau kumjibu yule wa barabara ya 12. Mwambie mdogo wako kuwa Rose Bird baada ya kuangushwa hakurudi juu tena. Alikuwa na saratani ya matiti tangu kabla ya ujaji, ikamchukua Desemba 1999, ana miaka 63. Miaka yake ya mwisho alienda kujitolea kwenye ofisi moja ya msaada wa sheria kwa maskini, hakujitambulisha yeye ni nani, wakamuweka kwenye mashine ya kutoa kopi.